Moto wa Goti

Baba mdogo alishika bua la nyasi karibu na ncha, akalivunja. Likalia kama kijiti cha kiberiti kinapokatika. Akashuka hadi katikati ya bua, akavunja tena. Safari hii lilipinda, likabaki limeshikana kwa nyuzi. Akashuka mpaka shinani, akalikata kwa ukucha, akalitia kinywani, akatafuna kidogo na kutema.

"Juu kumekauka, chini bado kuna maji," alisema. "Upepo ukitulia, tutachoma."

Zilikuwa siku za mwisho za Mei, ukingoni mwa msitu wa Mgori, Wilaya ya Singida. Mvua zilikuwa zimekatika, uwele unavunwa, na asubuhi watu walitoka ndani ya tembe wamejitanda mashuka kwa baridi. Baba mdogo ni mlinzi wa msitu wa kijiji. Hana mshahara. Ana panga, jembe, filimbi na baiskeli, na ana mizinga yake ya nyuki humo humo msituni. Nilikuwa nimekwenda kumsalimia kwa siku mbili. Nilikaa kumi, kwa sababu ya lile bua.

Maana mimi, kama wengi tuliokulia mjini, nilijua kwamba mlinzi wa moto ni mtu wa kuzima. Anakaa, anaona moshi, anakimbia na matawi mabichi. Siku ile nilianza kuelewa kwamba sehemu kubwa ya kazi yake, na iliyo ngumu zaidi, ni kuwasha.

Mabwana misitu wana jina la moto unaotisha: moto kichaa. Ukilitafakari jina hilo utaona limebeba habari nyingine ndani yake, kwamba basi upo moto wenye akili timamu. Baba mdogo ana jina lake kwa huo wa pili. Anauita moto wa goti, kwa sababu miali yake haitakiwi kupanda juu ya goti la mtu mzima. Ukifika kiunoni, amekosea saa. Ukimpita kichwani, amekosea mwezi.

Habari ya mwezi ndiyo mzizi wa ufundi wote. Singida hupata msimu mmoja tu wa mvua, tangu Novemba au Desemba hadi Aprili, milimita 600 au 700 hivi kwa mwaka wa kawaida. Katika miezi hiyo nyasi za kuezekea hurefuka zikampita mtu. Mei na Juni huanza kukauka kuanzia juu kwenda chini. Agosti upepo huanza kuvuma kwa nguvu. Singida ni nchi ya upepo, kila mgeni aliyewahi kulala pale anajua. Ikifika Septemba na Oktoba nyasi zimekauka hadi udongoni, na hapo ndipo miombo hufanya jambo lake la ajabu: huchipua majani mapya, mekundu kama shaba, majuma kadhaa kabla ya tone la kwanza la mvua. Moto wa Oktoba hukuta chini kila kitu kikavu, na juu kila kitu kichanga. Moto wa Juni hukuta majani makukuu yaliyokomaa, machipukizi yamelala, na shina la nyasi lingali na maji ya kuupunguza kasi.

Jambo hili lilipimwa kwa uvumilivu mkubwa karibu na Ndola, Zambia ya leo. Mwaka 1933 mtaalamu wa mimea Colin Trapnell alianzisha viwanja vya majaribio katika miombo. Baadhi vilichomwa kila mwaka mapema, mwanzoni mwa kiangazi. Vingine vilichomwa mwishoni mwa kiangazi. Vingine havikuguswa. Miaka ilipopita, viwanja vya moto wa mwisho vilikuwa vikielekea kuwa uwanda wa nyasi, miti mikubwa ikifa bila kuacha warithi. Vya moto wa mapema vilibaki msitu. Visivyoguswa vilisongamana vichaka na miti ya aina nyingine. Mvua ni ileile, udongo uleule. Kilichotofautiana ni tarehe ya kiberiti.

Jirani zetu wa Shinyanga waliliona hilo kwa upande wake wa pili. Katika miaka ya 1920, C.F.M. Swynnerton, aliyeongoza vita dhidi ya mbung'o Tanganyika, aliwakusanya watu kwa maelfu wachome nyasi mwishoni mwa kiangazi. Kusudi lake lilikuwa kuua vichaka ambamo mbung'o huishi. Alitaka moto unaoua miti, na alijua ni mwezi gani wa kuupata. Baba mdogo hajawahi kusikia habari za Trapnell wala Swynnerton, lakini kalenda yao anayo mdomoni, katika ladha ya bua.

Upepo haukutulia siku ile, wala ya pili. Alikuwa akiupima kwa vumbi. Anachota udongo mkavu kwa vidole vitatu, anauinua usawa wa kitovu, anauachia, na kutazama unapotua. Ukitua hatua moja kutoka mguuni, vema. Ukipeperuka usionekane ulikokwenda, anakung'uta mikono na kurudi nyumbani. Siku ya tatu alisema tusikae bure, twende kwenye mizinga.

Safari ilianza na baiskeli. Aliipindua magurudumu juu, akazungusha gurudumu la nyuma huku ameweka kipande cha kijiti karibu na rimu ili aone linapoyumba, akakaza spoki mbili. Akavua tairi, akautia mpira kwenye karai la maji, akausogeza polepole mpaka vipovu vidogo vikatoka mahali ambapo mimi nisingeona kitu. Akaukausha, akausugua kwa kipande cha jiwe, akapaka gundi, akaipulizia, akabandika kiraka. Mnyororo aliupaka mafuta machafu ya injini kwa unyoya wa kuku, akafuta yaliyozidi, kwa kuwa mafuta mengi hukusanya mchanga na mchanga hula meno. Keria yake imeongezewa nondo. Baiskeli hiyo ndiyo nyumba yake ya safari. Ikiharibika ndani ya msitu atatembea siku nzima akiwa amebeba ndoo za asali kichwani. Juu ya keria alifunga dumu la maji la lita 20, ndoo mbili zenye vifuniko, jembe, blanketi, unga wa uwele na mfuko wa mlenda mkavu.

"Maji ya nini mengi hivyo?" nilimuuliza. "Tunalala usiku mmoja tu."

"Nusu yetu, nusu ya moto," alijibu.

Tulifika kambini jua likiwa linashuka. Nilitafuta mti wa kivuli kizuri nikatua mzigo. Alinitazama, akatazama juu, akaniomba nihame. Mti ule ulikuwa na tawi kavu, na tawi kavu halipigi hodi. Akachagua mahali peupe zaidi, mbali na njia ya wanyama. Kisha akafagia. Alifagia kwa tawi la majani mpaka udongo mtupu ukaonekana hatua tatu kila upande. Akachimba shimo kina cha shibiri moja, udongo akaupanga pembeni kwa fungu lake, akaweka mafiga matatu. Alipomaliza, kiberiti kilikuwa bado mfukoni, na mimi nilikuwa nimeshaona njaa.

Moto wenyewe ulikuwa mdogo, wa sufuria moja. Aliulisha kuni nene kama kidole, moja baada ya nyingine, akizisukuma ndani kadiri zilivyoungua ncha. Watu wa mjini tunapopiga kambi hupenda moto mkubwa wa kuzungukwa na wimbo. Wake ulikuwa wa kuinamiwa. Tulisonga ugali wa uwele, tukala na mlenda, na joto lilitosha watu wawili waliokaa karibu.

Asubuhi nilijifunza zaidi katika kuzima. Alimwaga maji, akakoroga majivu kwa kijiti, akamwaga tena. Moshi uliisha. Mimi ningeondoka. Yeye alipiga goti, akageuza mkono, akaweka mgongo wa kiganja juu ya majivu, hapa, na hapa, na pale kwenye ukingo wa shimo. Mgongo wa kiganja hausuguliwi na jembe, aliniambia, kwa hiyo bado unasikia. Upande mmoja alisita. Akachimba kwa panga, tukakuta mzizi mkavu unene wa kidole gumba, ncha yake ina kaa jekundu. Mzizi kama huo unaweza kutembeza moto chini kwa chini kwa siku kadhaa, ukaja kutokea juu mahali ambapo hakuna aliyewasha. Aliukata, akauzamisha kwenye maji. Kisha akarudisha lile fungu la udongo mahali pake, akaukanyaga.

Niliukumbuka Mlima Kilimanjaro. Tarehe 11 Oktoba 2020 moto ulianza kule juu, ukaunguza takribani kilomita za mraba 95 kabla ya kudhibitiwa. Mamia ya watu walipanda kuuzima, wengi wakiwa wamejitolea, wakiwemo wanafunzi wa chuo cha wanyamapori cha Mweka. Taarifa za mwanzo za Shirika la Hifadhi za Taifa, TANAPA, zilisema ulianzia mahali wapagazi walipokuwa wakipasha chakula. Ulikuwa mwezi Oktoba, nchi imekauka, na moto wenyewe wa sufuria. Ninapofikiria mgongo ule wa kiganja juu ya majivu, ninaona kitu kikubwa kuliko tabia njema ya mzee.

Moto wa pili niliouona siku hiyo ulikuwa wa kurina asali. Zamani, na hata leo katika sehemu nyingi, mrinaji alipanda mtini na mwenge wa magome unaowaka, usiku, cheche zikimwagika chini kwenye nyasi. Warina asali wa makamo hawakatai kwamba mioto mingi ya msituni ilizaliwa hivyo. Tena mwenge huunguza mabawa ya nyuki na kuacha asali ikinuka moshi.

Baba mdogo anatumia bomba la moshi. Huwasha ndani yake magunzi yaliyopondwa, yakishika anaongeza kinyesi kikavu cha ng'ombe, anakandamiza, anapuliza taratibu mpaka moshi utoke mweupe na mzito. Kabla ya kupanda, aliuelekeza mdomo wa bomba kwenye kiganja chake mwenyewe. Ukimchoma yeye, alisema, utamchoma nyuki. Akasubiri upoe. Kuna sababu ya moshi huu kufanya kazi. Nyuki anapouma hutoa harufu ya kuwaita wenzake, harufu inayofanana na ya ndizi mbivu. Moshi huifunika harufu hiyo, mwito usisikike. Vilevile nyuki wakisikia moshi hukimbilia kujaza asali tumboni, kama watu wa nyumba inayoungua wanaokusanya vitu, na nyuki aliyeshiba si mwepesi wa kuuma. Alipuliza mara tatu mlangoni mwa mzinga, akahesabu kimya kimya, akafungua. Alikata masega yaliyozibwa kwa nta, akaacha yenye watoto, akaacha pia asali ya kuwatosha wenyewe. Alipomaliza aliziba mdomo wa bomba kwa nyasi mbichi ili moto ufe kwa kukosa pumzi, akalishusha kwa kamba mpaka mikononi mwangu. Hakulirusha.

Nyuki ndio wanaoieleza vizuri zaidi sababu ya mtu kuulinda msitu bila mshahara. Kila mzinga ni shilingi inayoning'inia mtini, na mti ukiungua hiyo shilingi inaungua nao. Lakini sababu hiyo ilihitaji kwanza watu wawe na uhakika kwamba msitu ni wao.

Mgori una hekta zipatazo 44,000. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Serikali ilikuwa mbioni kuutangaza kuwa msitu wake wa hifadhi. Mwaka 1995 mpango uligeuzwa. Vijiji 5 vinavyopakana nao, yaani Ngimu, Pohama, Mughunga, Unyampanda na Nduamughanga, vilikabidhiwa ulinzi, kila kimoja na sehemu yake, kamati yake, sheria zake ndogo na walinzi wake. Liz Alden Wily, mtaalamu wa haki za ardhi, alifanya kazi na vijiji hivyo kama alivyofanya na vile vya Duru-Haitemba, Babati, na maandishi yake yameupeleka mfano huo mbali. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ikaja kuitambua misitu ya hifadhi ya vijiji nchi nzima. Ukisoma historia hiyo kwenye makaratasi, neno "ulinzi" linapita haraka. Kijijini neno hilo ni mtu anayeacha palizi yake au mavuno yake, anachukua jembe, anakwenda kulima mstari ambao hautaota kitu.

Mstari wenyewe, barabara ya moto, nilishiriki kuulima siku ya nne. Ni mifereji miwili mipana kama jembe mara mbili, inayokwenda sambamba, hatua kumi kutoka mmoja hadi mwingine. Udongo unakwanguliwa mpaka usibaki unyasi. Nyasi zilizo kati ya mifereji miwili zinaachwa zimesimama, maana hizo ndizo zitakazochomwa kwanza.

Siku ya tano vumbi lilitua karibu na mguu.

Tulikuwa watu 14, wanawake kwa wanaume, na vijana watatu waliokuja kwa mara ya kwanza. Saa kumi jioni ilipofika baba mdogo hakuwasha mstari. Aliwasha kipande kidogo kama mkeka wa kulalia, akasimama akakitazama kinavyoungua, akakizima, akasubiri. Akaonja tena upepo. Kisha akachukua kishada cha nyasi kinachowaka, akakiburuta taratibu kwenye ukingo ulio upande ambao upepo unakwenda, ili moto ulazimike kurudi nyuma, kuukabili upepo uso kwa uso.

Moto unaorudi nyuma dhidi ya upepo unatembea kama mtu anayepanda mlima. Nilikuwa nimejiandaa kwa ngurumo. Nilichosikia ni mchakacho wa chini kwa chini, kama mvua ya manyunyu juu ya bati. Miali ilifika kwenye shavu la mguu, ikapanda, ikafika gotini, ikakaa hapo. Ilikula majani makavu ya juu, ikikuta shina lenye maji inatoa moshi mweupe na kusita. Panzi walirukia mbele yake, na juu mwewe wanne walikuwa wameshafika, wakizunguka na kudaka.

Yeye alitembea nyuma ya moto, sehemu iliyokwisha kuungua, mahali ambapo mtu ana pa kukimbilia. Alikuta mche wa mninga usiofika kiunoni, akawahi kukwangua takataka shinani pake. Mninga ukiwa mchanga unaweza kufa juu kila mwaka na kuchipua tena kutoka mizizini, miaka mingi, ukinenepesha mizizi chini ya ardhi, mpaka mwaka mmoja unapata nguvu ya kurefuka haraka na kuuvuka urefu wa moto. Anayeukuta leo haoni chochote cha maana. Ni kijiti. Alisogeza gogo kavu lililolala karibu na mti wenye mzinga. Mahali fulani aliamuru tuzungushe, tukaacha baka la nyasi bila kulichoma: za kuezekea, alisema, na za sungura na kanga pia.

Kwenye kona moja moto uliruka mfereji. Kijana mmoja aliuwahi, akainua tawi bichi juu ya kichwa na kuupiga kwa nguvu zake zote. Kila pigo lilitawanya cheche nyuma yake.

"Usipige, mwanangu," baba mdogo alisema bila kupaza sauti. "Bonyeza. Uzibe pumzi." Akachukua tawi, akalilaza juu ya mwali, akalikandamiza na kuliburuta kuelekea sehemu iliyoungua. Akahama hatua moja. Akalilaza tena. Hatua sita, na moto ukawa umekufa. Kijana akalichukua tawi lake, akajaribu vilevile, kwanza kwa haraka, halafu polepole.

Giza lilipoingia baridi ilishuka, na umande ulikuja kumalizia kazi. Hiyo ndiyo sababu ya saa kumi jioni. Moto wa mapema huwashwa na mtu na kuzimwa na usiku. Tulitembea mstari mzima tukitafuta visiki vinavyofuka, tukavifukia udongo, tukalala palepale ndani ya mashuka yaliyojaa harufu ya moshi. Mara mbili usiku nilimsikia akiamka na kuzunguka.

Nilirudi Oktoba. Safari hii alinipeleka kwenye jabali.

Marekani, baada ya moto mkubwa wa Agosti 1910 uliounguza misitu ya Idaho na Montana kwa siku mbili, walijenga minara ya walinzi kwenye vilele, na mingi ikawekewa chombo cha Osborne: ramani ya duara mezani, yenye pete ya kulengea moshi. Kwetu pia minara ya kuangalia moto ipo, kwa mfano katika Shamba la Miti la Sao Hill, Mufindi. Mgori mnara ni jiwe. Juu yake kuna mahali pamejikunja kidogo kama kiti, na baba mdogo haketi kwingine. Niliposogea pembeni kumpisha alinirudisha. Ukihama hatua tatu, mbuyu ule unahama, bati la shule linahama, na kila ulichokariri kimekuwa uongo. Chombo cha Osborne kinasema hivyohivyo kwa lugha ya shaba: kaa mahali pamoja, kisha lenga.

Macho yake hayakuwa yakitafuta moshi kwa pupa. Yalizunguka polepole, kushoto kwenda kulia, yakirudi. Moshi ulikuwepo wa kila namna, naye aliusoma mmoja mmoja. Huu mwembamba unaotoka asubuhi na jioni ni jiko. Ule uliosimama mahali pamoja tangu juzi, mzito, hauendi popote, ni tanuri la mkaa, na kamati inapaswa kujua. Ule mpana unaotandaa chini ni mtu anasafisha shamba, atamaliza kabla ya jua kali ikiwa ana akili. Halafu akanyamaza. Akanyoosha kidole mahali ambapo sikuona moshi wowote. Niliona nukta nyeusi zinazunguka angani. Mwewe.

Moshi ulitokea baadaye, umelala upande kwa upepo, na kitako chake kilikuwa kinapanuka. Alipiga simu kwa mlinzi wa jabali la pili.

"Wewe unauona wapi?"

Sauti ilijibu kwamba ni kushoto kidogo ya kilima.

"Kwangu ni kulia kwa mbuyu." Akafumba macho, na nikajua kwamba anachora mistari miwili kichwani na kutafuta inapokutana. "Ng'ambo ya korongo," alisema. Akapuliza filimbi. Chini, baada ya muda mfupi, ile ringi ya gari inayoning'inia shuleni ikaanza kugongwa.

Watu waliwahi. Waliubana moto kutoka pembeni, lakini mbele yake hakuna aliyesimama, wala hakuna ambaye angeweza kusimama. Ulikuwa unavuka vichwa, unapanda mitini. Ulikwenda wenyewe mpaka ulipokutana na ardhi tuliyoichoma Juni ikikaribia. Pale palikuwa na nyasi fupi zilizochipua na kunyauka, mabaka matupu, majivu ya zamani. Ulipungua kimo. Ukavunjika vipande. Watu wakaingia na matawi, na wengi wao, niliona, walikuwa wanabonyeza.

Kesho yake tulikwenda kuutembea mpaka. Upande wa ng'ambo mashina yalikuwa meusi juu kuliko mkono wangu niliounyoosha, na majani mapya ya miombo yalikuwa yameiva kwa joto, yamekunjamana yangali matawini. Upande wa kwetu majani mekundu yalikuwa yanang'aa juani, na nyuki wanaingia na kutoka mzingani. Nilimwona anakwenda kwenye mti mmoja ulioungua katika ule moto wetu wa jioni. Masizi yake yalikuwa yameanza kufifia, lakini mstari yalipoishia ulionekana wazi kwenye gome. Aliweka kiganja juu ya mstari huo, kikiwa bapa. Kisha akakisogeza, vilevile kilivyo, mpaka mguuni kwake. Kiligusa goti.

Hakusema kitu kuhusu hilo. Alikuwa ameshageuka, anatazama ng'ambo, anahesabu hatua kwa midomo.

"Mwakani," alisema, "mstari tutausogeza mpaka kwenye korongo."